Kalamu ya Mwanzi na Herufi za Chapa: Asili ya Mitindo ya Nathari ya Kiswahili

Barua za Kiswahili za kale kabisa zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na kwa wenyeji waliokuwa rafiki zao, na kwa kuwa mambo ya Wareno wa bahari hii yote yalikuwa yakirejea Goa, nazo zikaishia katika hifadhi ya nyaraka ya mji huo wa Uhindi, ambako zingaliko. Miaka kumi na saba baadaye tunapata hati yenye tarehe ya mwaka 1728 ya Chuo cha Herekali, utenzi wa Bwana Mwengo bin Athumani, uliotungwa katika milki ya Pate na wenye beti zaidi ya elfu moja za khabari za vita vya Waislamu na Warumi. Basi tangu hapo tunapoanza kukiona Kiswahili juu ya karatasi, tunakiona katika namna mbili tu, waraka na utenzi. Na kwa muda wa karne moja na nusu hivi iliyofuata hakuna namna ya tatu iliyopata nguvu ya kusimama baina yao.

Washairi wamekwisha kupata wanazuoni wa kuwatetea, na Mwana Kupona na Muyaka hawana haja ya kalamu yangu. Nathari, ambayo kila mtu huiandika na wachache huitazama, ndiyo ninayotaka kuifuata hapa, kwa sababu khabari zake zakanusha dhana iliyoenea ya kwamba mtindo wa mwandishi ni tabia yake mwenyewe tu, kama vile sauti ilivyo yake na mwendo ulivyo wake. Ukizichungua nyaraka za Pwani kwa subira, utaona kwamba sehemu kubwa ya hayo tuyaitayo mtindo ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla mwandishi hajaichovya kalamu katika kidau cha wino: imeamuliwa na herufi alizofundishwa chuoni, na cheo cha mtu anayemwandikia, na masikio ya wale watakaokuwapo waraka utakaposomwa, na, katika nyakati za karibu zaidi, na yule aliyelipia karatasi.

Sharti kwanza ifahamike kwa nini nathari ilibaki nyuma. Hapakuwa na upungufu wa watu wenye ilimu. Lakini mwenye ilimu aliyetaka kuandika fikihi, au nasaba, au khabari za wafalme, aliandika kwa Kiarabu. Kitab al-Sulwa, ambacho ni tarikhi ya masultani wa Kilwa, na ambacho nakala yake Sayyid Barghash alimpa Sir John Kirk, ni kitabu cha Kiarabu juu ya mji wa Waswahili. Na diwani ya masultani wa Unguja nayo iliandika barua zake kuu kwa Kiarabu. Jambo zito likaenda Kiarabu, jambo la kuimbwa na kuhifadhiwa moyoni likaenda utenzini, na nathari ya Kiswahili ikaachiwa yaliyosalia, nayo ni mambo ya watu na watu: deni, bidhaa, ugonjwa, arusi, msiba na salamu. Wako wanaoyaona mambo haya kuwa duni. Mimi nayaona ndiyo shule bora ambayo nathari ingeweza kupata, kwa kuwa mtu aombaye fedha zake arejeshewe, naye hataki kuvunja ujamaa, hujifunza hila za maneno ambazo mtunga tarikhi hazijui.

Waraka wa muungwana ulikuwa na ada zake. Hulitanguliza jina la Mwenyezi Mungu, kisha ikafuata anuani, ambayo haikuwa khabari ya mji na mtaa kama anuani zetu, bali ndiyo mlango wa maneno yenyewe: kwa janabu sheikh, mpenzi, mukarramu, ndugu yetu fulani bin fulani, Mungu amsalimishe, na sifa hizi zilikuwa za Kiarabu aghalabu, hata pale ambapo mwandishi na mwandikiwa wote wawili hawakukijua Kiarabu ila cha sala. Baada ya sifa zikaja salamu, na baada ya salamu zikaja khabari za afya, ya kwamba mwandishi hajambo wala hana alitakalo kwa Mola ila kusikia kwamba na mwenziwe hali kadhalika hajambo; ndipo likaja neno la “ama baada”, na hapo msikilizaji hukaa vyema, kwa kuwa ajua kwamba maksudi yamewadia. Maksudi yenyewe yaweza kuwa mistari mitatu tu: waraka wako umewasili na yaliyomo nimeyafahamu, majora mawili ya kaniki yamo chomboni, na lile deni kijana amekuja mikono mitupu. Kisha salamu tena, kwa waliomo nyumbani mmoja mmoja, wadogo kwa wakubwa, na mwisho jina la aliyeandika kwa mkono wake.

C. G. Büttner alichapisha nyaraka nyingi za namna hii huko Berlin mwaka 1892, zilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mtu azisomaye leo kwa haraka huona kama kwamba zote zimetoka kwa katibu mmoja. Azisome tena. Ataona kwamba sifa huzidi kwa kadiri ya cheo, na hupungua kwa kadiri ya ghadhabu. Kwamba mdai mpole huzidisha salamu kabla ya kudai na mdai aliyechoka huzikatiza. Kwamba mtu akimwandikia aliye mdogo wake huingia katika maksudi upesi, na akimwandikia mkubwa huzunguka. Ndani ya ada, kila mmoja alipima; na kupima huko ndiko kulikokuwa ufasaha. Waraka usio na salamu haukuwa waraka mfupi, ulikuwa ni uadui, na nadhani mpaka leo wako wazee wa Pwani ambao wakipokea barua ianzayo na maksudi huigeuza nyuma kutazama kama kuna karatasi nyingine iliyoanguka.

Tena waraka haukuwa siri. Mpokeaji aliyeweza kuandika alikuwa mmoja miongoni mwa wengi wasioweza, na hata aliyeweza kusoma alisomewa barazani kwa sauti, mbele ya jamaa na mgeni. Kwa hiyo mwandishi aliandika akijua kwamba atasikiwa, na lile lisilofaa kusikiwa ama alilifumba, ama alimwachia mchukuzi wa barua aliseme kwa mdomo. Huu ndio msingi wa sifa mbili za nathari ya kale ambazo wageni wengi wamezilaumu pasipo kuujua msingi wake: urudiaji wa maneno, ambao sikio huuhitaji na jicho hauhitaji, na ule mzunguko wa maneno unaomwezesha mtu kusema jambo mbele ya watu kumi na likafahamiwa na mmoja.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ilikuwamo katika herufi. Herufi za Kiarabu hazikuumbiwa Kiswahili. Alama za irabu ni tatu, nazo ni za a, i na u, ambapo Kiswahili chahitaji tano. P haimo, wala ch, wala v, wala g ya Kiswahili. Na ile miungano ya mb, nd na nj haikuwa na desturi ya kuandikwa kwa ukamilifu. Mwandishi wa zamani aliitumia ba kwa b, kwa p na kwa mb, hata bata, pata na mbata yakawa neno moja juu ya karatasi, na penda likaweza kusomwa pinda. Msomaji hakusoma herufi kisha akapata maana. Ilimpasa aikisie maana kwanza, kisha aitafute katika herufi. Basi fikiri ni nini kitakachotokea katika mwandiko wa namna hii: ibara iliyozoeleka husomeka mara moja, na ibara mpya humkwaza msomaji na kumpoteza. Zile sifa ndefu na salamu ambazo kwetu sisi zaonekana kuwa ni pambo zilikuwa pia ni msaada wa kusomea, kwa kuwa msomaji alizijua kabla ya kuzifikia, akapata kuuzoea mkono wa mwandishi katika maneno anayoyajua ndipo akauvamia katika maneno asiyoyajua. Nafikiri hii ni sababu mojawapo ya utenzi kupewa kazi nyingi ambazo mataifa mengine yamezipa nathari, kama vile wasia, mawaidha na tarikhi: mizani minane na vina vyake vilimwambia msomaji, pale herufi ziliponyamaza, kwamba neno hapa haliwezi kuwa ila hili.

Wala hati hizo hazikuwa na nukta ya kukata sentensi. Penye haja ya pumziko paliandikwa “wa”, au “na”, au “wa baada”, na maneno yakaendelea. Sentensi ndefu ya Kiswahili cha kale, ambayo walimu wengi wa shule wamekuwa wakiikata vipande kwa wino mwekundu, haikuzaliwa na kiburi cha waandishi. Ilizaliwa katika mwandiko uliokuwa hauna mahali pa kusimama, ikasomwa na watu waliojua wenyewe wapi pa kuvuta pumzi.

Mtu wa mwisho mkubwa wa kalamu hiyo ya mwanzi alikuwa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mchonga milango, fundi wa khati na mtunzi, aliyeishi mpaka miaka ya 1940. Aliwanakilia na kuwafundisha wanazuoni wa Kizungu, W. E. Taylor, Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Na Utenzi wa Liyongo aliuandika mwaka 1913 kwa ajili ya Bibi Werner. Zingatia khabari hii. Utenzi wa shujaa wa Waswahili, kwa lahaja ya Kiamu, kwa mkono wa Mwamu, lakini mwenye kungoja hati yuko Uingereza. Na hapo ndipo tunapomwona msomaji wa nathari na wa shairi pia akianza kuhamia mbali, na mtindo ukianza kumfuata.

Uhamaji huo ulianza kabla ya Kijumwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer na baadaye akawa askofu mwenyewe, aliketi na wasimulizi wa mji akayaandika maneno yao, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha hadithi za Unguja. Hapo ndipo nathari ya namna ya tatu ilipoingia chapani. Msimulizi hana anuani wala salamu. Ana akaenda, akafika, akabisha hodi, akaambiwa karibu, na kitendo kimoja kikikwisha huzaa kingine. Watu walikuwa wakihadithia hivyo tangu zamani, lakini hapakuwa na mtu aliyeona kwamba maneno ya bibi akiwatuliza wajukuu usiku yastahili wino. Steere aliona, kwa sababu zake za kimisheni na za kisarufi. Na kwa kuwa vitabu vyake ndivyo vilivyoingia mashuleni, mwendo huo wa kauli fupi zinazofuatana ukawa ndio uliofahamiwa na vizazi vya wanafunzi kuwa ni Kiswahili chepesi na sahihi.

Wadachi walikuja na haja nyingine. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali katika Dar es Salaam na baadaye mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alitaka maandiko ya kuwafundishia maofisa, akawaandikisha Waswahili wenyewe. Na matunda yake ni Safari za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1901, na Desturi za Wasuaheli, cha mwaka 1903. Hiki cha pili kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyekuwa akisomesha Kurani kwao kabla ya kwenda Berlin kufundisha lugha. Karibu na wakati huo huo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi na kuyatoa chapani.

Ningependa mwanafunzi wa lugha aweke vitabu hivi pamoja juu ya meza. Waandishi wake ni watu wa dini moja, waliopitia chuo cha namna moja, katika muongo mmoja. Na nathari zao hazifanani. Mtoro huandika kwa utulivu wa mtu anayejibu swali: mtoto akizaliwa hufanywa hivi, mtu akitaka kuoa hupeleka hivi, na wakifanya ngoma hucheza hivi, hakuna mtu mmoja mwenye jina, kuna mtu yeyote, kwa maana aliyeuliza hakutaka kujua khabari za fulani bali ada za kaumu nzima. Katika Safari yumo Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mdachi mwaka 1896 katika nchi za Urusi na Siberia, na yeye huandika “mimi”, kwa sababu msafiri hana ushahidi mwingine ila macho yake. Na Tippu Tip ni mfanyabiashara. Huanza na umri wa miaka kumi na miwili aliposhika safari za karibu, na tangu hapo ni frasila za pembe, na mali ya Wahindi aliyokopa, na siku za njiani, na majina ya watu waliompinga na yaliyowapata. Alimkuta Livingstone mwaka 1867 na akafuatana na Stanley mwaka 1876, watu ambao Ulaya nzima ilikuwa ikitaka kusikia khabari zao, naye huwapitia kama mtu asomaye daftari ya hesabu. Wako waliosema kwamba hana ufundi. Hasha! Nathari yake ina ufundi wa mtu aliyezoea kuandika barua za biashara akaziondolea salamu. Na uchache wake wa huruma, katika kitabu chenye damu nyingi namna ile, hutisha kuliko maneno makali ambayo angaliweza kuyatia.

Magazeti yalikuja kuyachanganya haya yote. Wamisheni wa Kiungani, Unguja, walitoa Msimulizi tangu mwaka 1888. Wadachi wakawa na Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya Tanga. Na idara ya elimu ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo mwaka 1923. Katika kurasa hizo mwalimu wa bara aandikaye khabari za mvua, na karani wa Pwani atumaye shairi, na mhariri Mzungu, wote walikutana, na nafasi ikawa na mpaka wake. Ufupi ambao katika waraka ulikuwa ni utovu wa adabu ukawa katika gazeti ni adabu, kwa kuwa ni kuwaachia wengine nafasi.

Kisha ikaja Kamati ya Lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya mashule, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, ambaye kamusi zake zilitoka mwaka 1939. Kamati ilisawazisha tahajia, jambo ambalo sina ugomvi nalo, na ikapewa kuvipima vitabu vya mashule kabla havijapigwa chapa, jambo ambalo nina ugomvi nalo kidogo. Maana wapimaji walikuwa Wazungu, na Waafrika hawakukaribishwa kuketi nao ila baada ya miaka mingi. Na vitabu vilivyokuwa mbele yao kama vielelezo vilikuwa aghalabu tafsiri za hadithi za Kiingereza, kama Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hizi zilipendwa sana, nami nimewaona watu wazima wakizisoma kwa furaha, lakini sentensi zake zilikuwa zimekatwa kwa kipimo cha kwingine. Watu wa Mvita na wa Lamu, ambao karne mbili walikuwa ndio wenye kalamu, wakaambiwa kwamba lugha yao ni lahaja.

Mombasa ilijibu kwa njia yake. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza mwaka 1930 kutoa karatasi ya Sahifa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Alikuwa na ilimu ya kutosha kuandika kwa Kiarabu kama masheikh waliomtangulia. Akachagua kuwaandikia wasiokijua. Makala yake yana umbo la khutba: huanza na jambo linaloonekana mjini, labda mali za Waislamu zinavyouzwa au watoto wanavyokosa elimu, akauliza kwa nini, akaleta dalili, akazijibu hoja za mpinzani asiyetajwa, kisha akamgeukia msomaji kwa “enyi ndugu”. Hapo jambo zito, lililokuwa limefungiwa Kiarabuni, lilipata mwishowe nathari ya Kiswahili ya kulibeba. Na ilipatikana kwa sababu mtu alibadili msomaji, sio kwa sababu alibadili moyo wake.

Kwa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufa mwaka 1962, mikondo hii yote yakutana. Alisoma shule ya serikali Dar es Salaam, akawa karani wa forodha tangu mwaka 1926 mpaka 1944, akaandika mashairi katika Mambo Leo. Na barua alizompelekea ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zimekuja kukusanywa kuwa kitabu, nazo zaonyesha mtu aliyeishi katika adabu ya waraka siku zote. Tazama Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Karama ameshitakiwa mbele ya mfalme, naye hujitetea kwa hotuba ndefu zenye taadhima, akianza na heshima ya baraza, akizunguka kwa hadithi za wajumbe sita waliodhulumiwa, asiseme wazi neno la kumtia hatiani ila kila mwenye masikio amelisikia. Kilichapwa na wenye mitambo wa kigeni, kwa tahajia ya Kamati, katika nchi iliyotawaliwa. Na ule mzunguko wa zamani, uliokuwa ukitumiwa kumdai ndugu deni mbele ya wageni, ukatumiwa kuidai serikali haki mbele ya serikali yenyewe.

Isemwe hata hivyo kwamba sentensi zake zilizopangwa mbili mbili, sifa na kinyume chake, tendo na jazaa yake, ziliwavuta wengi waliomwiga pasipo kuwa na mfalme wa kumzunguka, na nathari yao ikawa ni salamu zisizofikia “ama baada”. Aliyeivunja ada hiyo kwa raha alikuwa Mwunguja mwandishi wa magazeti, Muhammed Said Abdulla, ambaye hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ndani yake Bwana Msa na wenziwe wanabishana, wanadakizana, wanataniana na kuapa kama watu walioketi barazani Unguja mjini alasiri. Na wapiga chapa, waliokuwa wamezoea kuwapangia Waswahili herufi za hotuba na za hadithi, ikawapasa kuziweka katika kurasa alama nyingi za kunukuu kuliko walizopata kuziweka kabla yake.